Hofu Mbele ya Koleo

Jino ni kiungo kidogo, lakini likiuma halichagui cheo. Hapa Ngerengere wamekutana watu wa namna nyingi: Waluguru wenyeji, watu waliokuja zamani kukata mkonge kutoka mikoa ya mbali wakabaki, watumishi wa reli, walimu, wachuuzi na askari wa kambi ya jeshi. Wote hao nimewahi kuwaona wakiumwa meno, na wote wakiumwa huwa sawa. Mkono shavuni, kichwa kimelala upande, maneno yanatoka moja moja. Mtu aliyezoea mlio wa bunduki, akiambiwa kwamba kesho aende akang'olewe jino, huuona usiku ule kuwa mrefu kuliko usiku wa zamu.

Nataka kuzungumza nawe, msomaji wangu, juu ya hofu hiyo. Juu ya kupiga mswaki na kupunguza sukari wamekwisha kusema wengi, na wamesema kweli. Hofu yenyewe husemwa kidogo sana, kwa sababu watu wazima huionea haya. Nilikaa darasani na katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa miaka zaidi ya 35, na jambo moja nililojifunza huko ni kwamba hofu nayo ni somo kama masomo mengine. Ina mwalimu wake, ina siku iliyofundishwa, na ina marudio. Kilichofundishwa vibaya huweza kufundishwa upya, ingawa kazi hiyo ni ngumu kuliko ile ya kwanza.

Somo langu nililipata mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, na gego la chini lilikuwa limeoza likanikosesha usingizi kwa juma zima. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Basi mjomba wangu ndiye aliyenishika mkono tukaondoka alfajiri kwenda kwenye zahanati. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje, na mganga alikuwa mmoja tu. Alinichoma sindano ya ganzi, akahesabu pumzi mbili tatu, akaingiza koleo. Watu wawili walinishika mabega. Mjomba alisimama mbele yangu akaniambia, "Kaza moyo, mpwa wangu. Mwanamume halii." Sikulia. Lakini tangu siku hiyo harufu ya spiriti pamoja na mlio wa chuma kikiwekwa kwenye sahani ya chuma vilitosha kunitoa jasho viganjani, na hali hiyo imenifuata mpaka uzee wangu.

Simlaumu mganga yule. Nyuma yangu kulikuwa na watu wengi wanaoumwa, na jua lilikuwa linapanda. Nayasimulia haya ili ionekane jinsi somo moja la dakika tano linavyoweza kukaa mwilini miaka sitini na zaidi. Akili yangu ilikwisha kusahau sura ya mganga. Viganja vyangu havikusahau.

Masomo mengine ya hofu hayahitaji hata koleo. Ni mara ngapi tumesikia mzazi akimwambia mtoto, "Ukiendelea kula pipi nitakupeleka kwa daktari akakung'oe meno yote"? Mzazi anadhani anafundisha usafi, kumbe anafundisha kwamba daktari ni adhabu. Katika miaka ya 1980 ilienea pia, katika sehemu nyingi za nchi yetu, imani ya kile kilichoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ilisemwa kwamba ana meno mabaya ndani ya ufizi, naye akapelekwa kwa mtu wa kuyachokoa. Yaliyochokolewa yalikuwa vichipukizi vya meno yake ya chonge, ambavyo havijakomaa na ndiyo maana vinaonekana laini na vyeupe. Homa haikuwa ya meno, vyombo havikuwa safi, na wako watoto waliopoteza maisha kwa kutokwa damu au kwa vidonda kuingia uchafu, huku maradhi yenyewe yakiachwa bila dawa. Tukiyakumbuka hayo tusishangae kwamba katika nyumba nyingi neno jino na neno hofu hulala kitanda kimoja.

Sasa tuyatazame maumivu yenyewe, kwa maana adui anayejulikana hupungua kimo.

Mpaka katikati ya karne ya 19, hapakuwa na mahali popote duniani ambapo mtu aliweza kung'olewa jino kwa uhakika bila kusikia maumivu. Tarehe 11 Desemba 1844, huko Hartford nchini Marekani, mganga wa meno aitwaye Horace Wells alivuta gesi ambayo watu walikuwa wakiitumia kwa kuchekeshana katika maonyesho, kisha akamwambia mwenzake amng'oe gego. Hakusikia kitu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari jambo hilo, lakini mgonjwa aliyemng'oa alipiga kelele kabla ya kazi kwisha, na waliohudhuria wakamzomea Wells kuwa ni mdanganyifu. Alikufa mwaka 1848 akiwa na moyo uliovunjika. Kabla ya kifo chake, mwezi Oktoba 1846, mtu aliyewahi kufanya kazi naye, William Morton, alifaulu katika mji huohuo wa Boston kwa kutumia etha. Ninapoisoma habari hii huwa najiuliza: inakuwaje mtu azomewe kwa kutaka wenzake wasiumie? Yamkini ni kwa sababu binadamu tumezoea kuyaheshimu maumivu, tukadhani kwamba anayeyakimbia ni mnyonge.

Ganzi ya sindano ilikuja baadaye. Mwaka 1884 daktari Karl Koller wa Vienna aligundua kwamba kokeini ikidondoshewa jichoni hulifisha lisisikie maumivu. Ilikuwa dawa ya hatari, kwa kuwa humfanya mtu mtumwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokeini, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokeini, ambayo pia huitwa lignokeini. Hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo katika hospitali zetu nyingi.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Mishipa ya fahamu hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo kama waya wa simu upelekavyo ujumbe. Dawa ile huifunga milango midogo sana katika mshipa, ile ambayo chembe za sodiamu hupita ili ujumbe usogee mbele. Milango ikifungwa, jino laweza kulia huko chini litakavyo, lakini ubongo haupati barua.

Zipo habari nne juu ya ganzi ambazo laiti ningeelezwa mwaka ule 1961, ningeokoka na mengi. Ya kwanza ni kwamba inahitaji muda. Taya la juu mfupa wake ni mwepesi, na dawa hupenya kwa dakika chache; taya la chini mfupa wake ni mgumu, hivyo daktari huchoma nyuma kabisa kuufuata mshipa kabla haujaingia mfupani, na pengine hupita dakika kumi kabla ya mdomo kufa ganzi sawasawa. Ya pili ni kwamba ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi msukumo. Mtu atasikia jino likisukumwa na kutikiswa, na asipoambiwa mapema atadhani kwamba hayo ndiyo maumivu. Ya tatu ni kwamba mahali penye usaha pana asidi, na katika asidi dawa hii hudhoofika. Ndiyo sababu anayekwenda shavu likiwa limekwisha kuvimba huumia kuliko aliyekwenda mapema, na ndiyo sababu wakati mwingine daktari humpa kwanza dawa, au humtoa usaha, kabla ya kumng'oa. Ya nne ni kwamba mara nyingi dawa ya ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo ili ikae mahali pake kwa muda. Adrenalini hiyo yaweza kuufanya moyo uende mbio kwa dakika chache. Mwenye hofu akisikia moyo unapiga hivyo hudhani anakufa, kumbe ni dawa inapita. Sisi wazee wenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo hatuna budi kumwambia daktari kabla ya sindano, naye atajua la kufanya.

Utaona, msomaji, kwamba maarifa hayo yote manne hayagharimu senti. Ni maneno tu. Lakini maneno nayo ni dawa. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango ambalo huruhusu au huzuia habari za maumivu zisipande kwenye ubongo. Mguso mwingine waweza kulifunga lango hilo kwa sehemu, na ubongo wenyewe, kwa utulivu wake au kwa hofu yake, waweza kulifunga au kulifungua. Mama anayempuliza na kumsugua mtoto goti lililogonga jiwe, huku akimwambia "Pole, pole mwanangu", alikuwa akilifunga lango hilo kabla wataalamu hawajaliandika. Na daktari anayelitikisa shavu kidogo wakati wa kuchoma sindano hafanyi mchezo. Anafanya kazi ileile ya mama.

Wazee wetu nao walijua mambo fulani juu ya maumivu. Zamani wavulana walipopelekwa jandoni, hawakuachwa peke yao. Palikuwa na mtu mzima wa kukaa nao, zilikuwapo nyimbo na ngoma za kuyajaza masikio, na mwishoni kulikuwa na heshima ya kurudi nyumbani na nguo mpya. Kampani, nyimbo na heshima ni dawa tatu za kweli. Lakini jando lilidai pia kimya. Aliyelia aliaibisha ukoo. Nadhani sharti hilo la kimya ndilo tulilolibeba mpaka kwenye kiti cha daktari wa meno, na huko halifai kabisa. Anayetahiri hahitaji kuambiwa kwamba panauma. Daktari wa meno anahitaji kuambiwa, kwani kama ganzi haijashika, mgonjwa pekee ndiye ajuaye. Kunyamaza mbele yake ni kumnyima habari za kazi yake.

Yupo mwalimu mwenzangu ambaye sitamtaja jina. Alifundisha hesabu katika miaka ya 1980, na kwa ushujaa mwingine wowote sikuwahi kumpata mfano wake. Aliwahi kumuua nyoka ndani ya darasa la tatu huku watoto wakiwa juu ya madawati, kisha akaendelea na somo. Alikuwa na gego bovu. Kila lilipomwamkia alitafuna karafuu, na karafuu hupoza kweli, maana mafuta yake yana dawa ambayo hata waganga wa meno huitumia. Ila hupoza tu, haiponyi. Alipomaliza karafuu alitia tumbaku shimoni. Wapo waliomshauri atie maji ya betri, na nashukuru kwamba hilo alilikataa, maana huunguza ufizi na kinywa kizima. Nilimsihi mara nyingi aende hospitali. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, watoto wasisikie, "Mwalimu Mkuu, kufa siogopi. Naogopa kile kiti."

Siku ya Alhamisi alikuja shuleni amevimba chini ya kidevu. Ijumaa hakuja. Jumamosi jioni mkewe alituma mtoto kuniita. Nilimkuta amekaa kitandani, hawezi kulala, shingo imekuwa ngumu kama ubao, ulimi umeinuliwa juu, hawezi kumeza hata mate yake. Tulipata gari usiku, na barabara ilikuwa ya mvua. Hakufika asubuhi. Ugonjwa huo una jina. Uliandikwa na daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836. Sumu ya jino hushuka chini ya ulimi na shingoni, uvimbe ukaziba njia ya pumzi. Jumatatu niliingia ofisini nikakuta madaftari ya darasa la sita mezani pake, nusu yamesahihishwa.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba hofu ya daktari wa meno ni jambo la kuchekesha, huwa sicheki. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzangu hakuyaficha maradhi kwa ujinga. Alikuwa mjuzi kuliko wengi wetu. Aliyaficha kwa sababu hakuwa na mahali pa kuisema hofu yake bila kuchekwa. Nami nikajifunza kwamba kumwambia mwenye hofu "usiogope" hakumsaidii kitu, sawa na kumwambia mtoto asiyejua kusoma "soma". Lazima umfundishe namna.

Namna hiyo ipo, na wataalamu wameichunguza. Mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa Marekani, Norman Corah, alitunga maswali manne tu ya kupima hofu: mtu ajisikiaje akijua kwamba kesho ataonana na daktari wa meno, ajisikiaje akingoja zamu yake, ajisikiaje akiwa kitini huku mashine ya kutoboa jino ikitayarishwa, na ajisikiaje vyombo vya kusafishia meno vikitayarishwa. Baadaye, mwaka 1995, liliongezwa swali la tano, la sindano. Mimi kama mwalimu niliyapenda maswali hayo, kwa sababu yanaigawanya hofu kama tunavyoigawanya mada katika vipindi. Yupo asiyeogopa koleo bali huogopa kungoja. Huyo aombe zamu ya kwanza asubuhi. Yupo anayeogopa sindano peke yake. Huyo aiseme, apakwe kwanza dawa ya kufisha ufizi kama ipo, na afumbe macho asiione.

Mimi mwenyewe niliyatumia mafunzo haya mwaka 2024. Gego la juu lilikuwa limepasuka na halikuwa la kuzibika tena. Treni ya umeme ilikuwa imekwisha kuanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka huo, na kituo kimojawapo kiko hapa kwetu, basi nilipanda nikafika Morogoro mapema. Daktari alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu. "Shikamoo, babu," alisema. Nilimwitikia marahaba, na kabla hajaniuliza kitu nikamwambia, "Mjukuu wangu, nina miaka zaidi ya sabini na ninaogopa. Mwaka 1961 niling'olewa kabla ganzi haijashika."

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa, tukawa tunatazamana macho kwa macho. Alinionyesha atakachofanya, hatua kwa hatua, akaniambia nitasikia msukumo na mlio lakini si maumivu. Kisha akasema, "Babu, ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto. Nitasimama papo hapo." Alipokwisha kuchoma sindano aliniacha nikae, akaenda kuandika kadi yangu, akarudi na kupima kwa kunigusa ufizi kwa chombo chenye ncha. "Unasikia nini?" Sikusikia kitu.

Lilipoingia koleo nilifanya nililokuwa nimelipanga tangu nyumbani. Nilivuta pumzi taratibu kwa pua, nikaitoa taratibu zaidi, na kichwani nikapanda Reli ya Kati. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Mikese, Morogoro. Nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba katika kila kituo nikumbuke kitu kimoja ninachokijua hapo: mtu, mti, au chakula kinachouzwa dirishani. Kimamba, Kilosa, Gulwe, Dodoma. Nilipofika Saranda niliinua mkono mara moja, si kwa maumivu bali kutaka kujua kama kweli atasimama. Alisimama. Hilo peke yake liliondoa nusu ya hofu iliyobaki, maana mtu anayejua kwamba mlango haujafungwa hana haraka ya kuukimbilia. Tukaendelea. Nilikuwa sijafika Itigi aliponiambia, "Tayari, babu." Kigoma sikufika kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mjini, na kwamba vijijini hakuna nafasi ya kuongea na kila mgonjwa. Ni kweli kwamba hofu si kikwazo pekee. Upo umbali, ipo nauli, na zipo gharama za matibabu zinazowafanya wengi wasubiri mpaka jino liwe la kung'oa tu. Lakini nchi yetu hii hii ilitoa jambo moja ambalo dunia imelipokea, nasi wenyewe hatulijui sana. Katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kupeleka huduma za meno kwa wananchi, walimu wa tiba ya meno, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walijaribu kuziba meno mahali pasipo na umeme. Hawakuwa na mashine ya kutoboa. Walikwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono tu, wakajaza shimo. Baadaye ilionekana kwamba namna ya saruji iitwayo glasi ionoma yafaa zaidi, kwa sababu hugandamana na jino na hutoa floridi kidogo kidogo. Njia hiyo ilijaribiwa kwa mapana nchini Thailand kuanzia mwaka 1991 na Zimbabwe kuanzia mwaka 1993, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule ilikuwa ya afya ya kinywa.

Ilianza kwa ajili ya kukosa umeme, lakini ikaonekana ina faida ya pili. Kwa kuwa uozo uliokufa hauna fahamu, na kwa kuwa hakuna mlio wa mashine, mara nyingi hata sindano haihitajiki, na wagonjwa, hasa watoto, huumia kidogo na kuogopa kidogo. Umaskini wa vyombo ulizaa upole. Mjukuu wangu wa darasa la pili alizibwa gego namna hiyo. Kabla ya kuanza, tabibu alimweleza, akamgusisha kile chombo kwenye ukucha wa kidole chake, kisha ndipo akakiingiza kinywani. Nilitabasamu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa chuoni: eleza, onyesha, kisha tenda, toka lijulikanalo uende lisilojulikana. Wanaotibu meno ya watoto wamekuwa wakiitumia kanuni hiyo tangu ilipoandikwa kwao mwaka 1959.

Basi, kwa wenzangu wenye hofu, nasema machache. Nenda mapema, jino likiwa na shimo dogo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kinywa ukuta wenyewe haujengeki. Jino la pembe si dawa ya pengo. Kula kitu kabla ya kwenda, isipokuwa kama umeambiwa vingine, kwani njaa na hofu zikikutana huleta kizunguzungu. Nenda na mtu, hata kama wewe ni mzee wa baraza. Mwambie daktari kwamba unaogopa, na umwambie unaogopa nini hasa. Patana naye ishara ya mkono. Ngoja ganzi ishike, na ikiwa haijashika useme. Chukua kitu cha kuhesabu kichwani, majina ya wanafunzi wako, mito ya Uluguru, au aya unazozijua kwa moyo. Ukirudi nyumbani usijisifu kwa uongo kwamba hukusikia kitu, wala usitie chumvi ukawatisha wanaongoja zamu yao.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sana sisi wazee. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Katika wingi huo watoto wetu hawatakosa kuwamo, na siku moja watakikalia kile kiti. Hatuwezi kuwazuilia maumivu yote, lakini twaweza kuchagua somo la kwanza wanalolipata. Mjomba wangu aliniambia mwanamume halii, na alisema hivyo kwa mapenzi, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Mjukuu wangu aliponiuliza njiani, "Babu, itauma?" nilimwambia, "Huenda ikauma kidogo. Mimi nitakuwa karibu nawe. Ukitaka asimame, inua mkono, naye atasimama." Alinyamaza akifikiri, kisha akaujaribu mkono wake, akauinua juu pale barabarani, akaona kwamba unainuka.